Kansa ya titi inampata nani hasa? Mama mkubwa hakuwa na hata moja ya hayo yanayosemwa

Binti wa Rangi Tatu

Wakubwa shikamoni, wadogo mambo. Uzi wangu ni mrefu kidogo mnivumilie.

Jumapili tumemaliza arobaini ya mama mkubwa wangu, kafariki na miaka 63, kansa ya titi la kushoto. Kilichonileta hapa ni maneno ya msibani. Tumekaa uani wanawake kama kumi tunachambua mchele na kila mmoja ana sababu yake. Jirani anasema ni hela, maana marehemu kauza samaki wa kukaanga zaidi ya miaka 30 na benki yake ilikuwa sidiria, noti anazikunja anazitia kwenye kimfuko cha nailoni anasukumia kushoto, na kansa imeanza kushoto, basi kesi imeisha hapo. Mwingine akasema hela wapi, ni simu. Wifi yangu akasema ni hizi dawa za uzazi wa mpango, huku ananiangalia mimi sababu anajua nina kijiti mkononi. Bibi mmoja akasema zamani kuna mtoto alimpiga kichwa kwenye ziwa damu ikavilia ndani. Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia.

Nimeingia mtandaoni nikakuta ni kutozaa, kutonyonyesha, pombe, unene, kukaa tu bila mazoezi. Sasa mama mkubwa kazaa saba, wote kawanyonyesha mpaka wanatembea wanalifuata ziwa wenyewe, pombe hajaigusa maisha yake yote, mwembamba kama ufito, na kila alfajiri yuko feri kugombania samaki. Mbona yeye?

Na mimi nahesabiwa wapi? Nina miaka 34, watoto wawili, wa kwanza nilimpata na 28, kilo zimeongezeka nisidanganye, na kijiti nina mwaka wa pili. Mume wangu tangu msiba wimbo ni mmoja, katoe hicho kitu. Wenye kujua naomba mnieleze taratibu, matusi sitaki.

Mzee wa Kashata

Pole sana bibie, Mungu amlaze mama yetu panapostahili.

Hilo la hela kwenye sidiria nalisikia tangu nikiwa mdogo na ingekuwa kweli mama zetu wa sokoni wasingebaki, Kariakoo yote ingekuwa wodi. Sidiria yenyewe ilishachunguzwa, kuna utafiti ulitoka Seattle Marekani mwaka 2014, walichukua wanawake zaidi ya 1,000 wenye kansa wakawalinganisha na wasio nayo, wakawauliza mpaka ilikuwa inavaliwa saa ngapi kwa siku, ina waya au haina, walianza kuvaa na umri gani. Hawakukuta kitu. Noti chafu zitakupa vipele labda.

Mengine nawaachia wenye fani.

nesi wa zamu

Pole mdogo wangu. Niko zamu ya usiku na wodi imetulia ngoja niandike, nikikatika mjue nimeitwa.

Kwanza hilo la kushoto. Titi la kushoto linapata kansa mara nyingi kidogo kuliko la kulia, dunia nzima, hata kwa wasioweka kitu humo. Kwa hiyo jirani yako kaona kweli ila kafunga hesabu vibaya. Na la kupigwa kichwa hata hapa wagonjwa wanatuletea kila siku, "nilijigonga kwenye kona ya meza ndo kikaanza". Hapana. Ukijigonga unajishika, ukijishika ndo unakikuta kinundu kilichokuwepo zamani.

Sasa swali lako kubwa, mbona yeye. Mnaposoma mtandaoni mnasoma kama ni masharti, ukiwa na haya unapata, usipokuwa nayo umepona. Sivyo. Vihatarishi ni kama njia ya utelezi, wengine wanapita wanafika, mwingine anaanguka pakavu. Shirika la Afya Duniani wenyewe wanasema karibu nusu ya wanawake wanaougua hawana kihatarishi chochote cha kuonyeshea kidole zaidi ya viwili, kwamba ni wanawake na wamepita miaka 40. Mama yako mkubwa alikuwa navyo vyote viwili, na miaka 63 ndo umri wenyewe haswa. Seli za titi zinajigawa kila mwezi toka mtu anavunja ungo, kila zikijigawa kuna nafasi ya kukosea, miaka inavyokwenda makosa yanajikusanya.

Na kinachozisukuma zijigawe ni homoni, hasa estrojeni. Ukishika hilo mengine yote yanajipanga yenyewe. Aliyevunja ungo mapema sana, kabla ya miaka 12, na aliyechelewa kukoma hedhi mpaka kapita 55, hao wamekaa na homoni miaka mingi zaidi. Kuzaa na kunyonyesha kunapunguza hiyo miaka na pia kunazikomaza zile seli. Kuna ripoti ya 2002 walikusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, wakakuta kila mtoto unayezaa anapunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza asilimia 4.3 juu yake. Kwa hiyo mama mkubwa kule kunyonyesha kulimsaidia, usione kama alinyonyesha bure. Inawezekana bila hao watoto saba ingekuja na miaka 50. Hatuwezi kujua kwa mtu mmoja mmoja.

Unene, hapa watu wanachanganya. Ukishakoma hedhi ovari, yaani vifuko vya mayai, zinapumzika ila mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza estrojeni yake, ndo maana kitambi cha mama wa miaka 55 ni hatari zaidi kwa titi kuliko cha binti wa 25. Wewe una muda wa kupunguza.

Pombe je, watu hawapendi kusikia ila hata kidogo imo. Gramu 10 kwa siku inapandisha kama asilimia 7, na bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Piga hesabu mwenyewe wale wa "moja moto moja baridi".

Kijiti nakuja naitwa.

Dawa Asili 2

Dada usihangaike na hao mahospitali, majani ya stafeli yanaua kansa, unga upo kopo moja linatosha mwezi, njoo inboksi.

Mzee wa Kashata

Huyu naye hachelewi. Mods mpo?

Titi Moja

Binti pole. Jina langu hapa jukwaani linajieleza, la kulia lilitolewa miaka minne iliyopita, nilikuwa na miaka 46.

Wewe wa stafeli kaa pembeni kabisa. Mimi stafeli nimekunywa. Miezi mitano nimechemsha majani nyumba nzima inanuka, kinundu kilikuwa kama punje ya mbaazi kikafika kokwa la embe, na muuzaji ananiambia "kinatoka hicho, kinavimba ili kitoke". Kisingeniuma nisingejali, na ndo ubaya wake, kansa ya titi mwanzo mara nyingi hainaga maumivu, ingekuwa inauma kama jino sote tungeenda siku ya pili yake. Hospitali nimefika hatua ya tatu.

Na kilichonichelewesha zaidi ya huyo muuzaji ni maneno ya "ukiguswa na kisu inasambaa". Binti nikuambie, niliogopa sindano ya kuchukua kinyama kuliko nilivyoogopa ugonjwa wenyewe. Daktari akanieleza kwa upole, akasema hao unaowajua waliofanyiwa upasuaji wakafa, walikuja ikiwa imeshasambaa, kisu kimekuta. Nikanyamaza. Nilikuwa na jirani wa namna hiyo.

Mimi nilikuwa navyo vihatarishi, sifichi. Mtoto mmoja nimemzaa na 36, nimemnyonyesha miezi mitatu nikarudi kazini, na wikiendi bia zangu nilikuwa nakunywa. Nilipojua hayo nililia wiki nzima nikajiona nimejiua mwenyewe. Mpaka wodini nikalala kitanda jirani na sista wa kanisa upande huu na mama wa watoto tisa upande ule.

Mzee wa Kashata

Hilo la masista mbona la zamani sana. Kuna daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, mwanzoni mwa miaka ya 1700 aliandika kwamba nyumba za masista zina kansa ya titi kuliko kwingine. Hajui homoni wala nini, kaona tu kwa macho. Nesi ndo kaja kutueleza sababu leo miaka 300 baadaye akiwa zamu.

Kanairo Dada

Poleni sana majirani. Mimi niko Nairobi, huku kwetu hii ya matiti ndiyo inaongoza kwa wanawake, nasikia kwenu inaongoza ile ya mlango wa kizazi halafu hii inafuata.

Nataka kuongeza vitu viwili hivi. Kwanza wanaume mnaocheka hapa, inawapata pia, kama mmoja kwa kila wagonjwa 100. Ankol yangu alikuwa na kitu nyuma ya chuchu akadhani ni jipu, akaenda kwa famasi akapewa antibayotiki mara tatu. Aibu ya kusema "niko na shida ya matiti" ilimweka nyumbani karibu mwaka.

Ya pili ni nywele. Mimi ni msusi, saluni yangu ina miaka kumi na moja, na nilikuwa nacheka watu wakisema relaksa na rangi. Halafu 2019 kukatoka utafiti Marekani, wanawake zaidi ya 46,000, wakasema weusi wanaotumia rangi za kudumu walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 45 kuliko wasiotumia, na dawa za kunyoosha ilikuwa asilimia 18. Bado wanasayansi wanabishana, si kitu kimethibitishwa kama pombe, na hao wote walikuwa na dada waliougua kwa hivyo si kila mtu. Lakini mimi sasa navaa glavu na dirisha liko wazi, na wateja wangu nawaambia waache nywele zipumue kati. Wengine wameenda saluni ya pili, ni sawa.

nesi wa zamu

Nimerudi, kulikuwa na mama wa kujifungua, salama.

Kanairo asante, umeieleza vizuri kuliko nilivyoisikia redioni.

Kijiti sasa. Wifi yako hajatunga kila kitu na pia hajasema ukweli wote. Zile za homoni, vidonge, sindano, kijiti, zinaongeza kidogo kweli. Kule Denmark waliwafuatilia wanawake milioni 1.8, wakatoa matokeo 2017, hatari ilipanda kama asilimia 20. Ukisikia 20 unaruka, ila subiri, ni asilimia 20 ya kitu kidogo. Kwa hesabu yao ni mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka. Umri nao unaongeza uzito, utafiti wa Oxford wa 2023 ulisema aliyetumia miaka mitano akiwa kati ya 35 na 39, nyongeza ni wanawake 265 kwa kila 100,000 ndani ya miaka 15. Wa miaka 16 hadi 20 ni 8 tu. Na ukiacha hatari inashuka taratibu.

Upande wa pili wa mizani ni mimba usiyoipanga, na hiyo wifi haihesabu. Mimi nimeona wanawake wanatoa kijiti kwa hofu ya kansa wanarudi baada ya miezi minne na mimba ya tano na presha juu. Kuna kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe kama roho haitulii. Ila kabla hujaamua chochote nataka nikuulize kitu ambacho msibani hamkuulizana.

Mama mkubwa kaugua na 63. Mmoja, mtu mzima. Hiyo peke yake hainipi wasiwasi sana kuhusu wewe. Je kuna mwingine kwenye ukoo, hasa aliyeugua kabla ya miaka 50? Titi au ovari. Na UPANDE WA BABA je?

Binti wa Rangi Tatu

Asante sana nesi, nimesoma mara tatu. Upande wa mama nimeuliza hakuna mwingine. Upande wa baba sikuuliza maana nilijua titi ni la upande wa mama, baba si mwanaume?

nesi wa zamu

Hapo ndo watu wengi wanapotelea, hata wahudumu wengine wakijaza fomu wanauliza mama na dada tu.

Kansa nyingi za titi si za kurithi. Katika mia ni 5 mpaka 10 tu. Ila hizo chache ndo kali, zinakuja mapema na zinafuatana. Vinasaba vyenyewe vinavyojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2, vilipatikana 1994 na 1995, kila mtu anazaliwa navyo, na ni kama mafundi wa kurekebisha seli zikikosea. Ukirithi kilichoharibika fundi hayupo. Mwanamke mwenye BRCA1 mbovu, katika mia wenye hali hiyo kama 72 watapata kansa ya titi kufikia miaka 80, BRCA2 kama 69, na ovari nazo zimo. Yule mwigizaji Angelina Jolie aliyetoa matiti 2013 hakuwa anaumwa, alikuwa na BRCA1 mbovu na mama yake alishafariki kwa kansa.

Sasa hivi vinarithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, nusu kwa nusu. Baba anaweza kukibeba maisha yake yote yuko fiti analima, hakimwonyeshi, halafu kamkabidhi binti yake. Kwa hiyo dada za baba yako, mashangazi, ndo kioo cha baba yako. Waulizie. Na ukiambiwa "alikufa na tumbo" usiishie hapo, kansa ya ovari nayo inajaza tumbo, uliza tumbo gani, alikuwa na miaka mingapi.

Mzee wa Kashata

Mimi nina mabinti watatu na dada yangu aliondoka na titi akiwa na 44. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwambia mke wangu awapeleke mabinti wakamuulize mama yake.

Ngoja nikae kimya kidogo.

Titi Moja

Mzee pole. Hujachelewa, wapo hai wote watatu.

Kanairo Dada

Swali nesi, hicho kipimo cha hivyo vinasaba kiko wapi? Na kujipima nyumbani inasaidia ama?

nesi wa zamu

Kipimo cha vinasaba ni sampuli ya damu au mate, ila si hospitali ya wilaya hiyo, mara nyingi sampuli inasafirishwa na bei yake si ya mchezo, na hakifanywi kwa kila mtu, anaangaliwa ukoo kwanza. Ndo maana karatasi yenye majina ya ndugu na umri walioumwa ni kipimo cha kwanza, na hicho ni bure. Huku kwetu daktari akiona ukoo unatisha anaweza kukuandikia hospitali kubwa, Ocean Road, Bugando au KCMC.

Kujipima, nisiwadanganye, kule Shanghai wanawake zaidi ya laki mbili na nusu walifuatiliwa, nusu wakafundishwa kujipima kila mwezi, vifo havikupungua. Ila kulijua titi lako ni kitu kingine, ujue lilivyo ili likibadilika ushtuke. Ngozi imebonyea au inafanana na ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani wakati zamani ilikuwa nje, inatoa damu, kitu kwapani, kinundu ambacho hakiji na hedhi na kuondoka nayo. Hapo hupaki mafuta, unakwenda. Na kushikwa na mhudumu aliyefundishwa kunasaidia, Mumbai walifanya hivyo kila miaka miwili, wamewafuatilia wanawake miaka 20, waliopita 50 vifo vilipungua karibu asilimia 30, bila mashine, mikono tu.

Na vinundu vingi si kansa jamani, hasa kwa mabinti. Kinateleza kikiguswa kama gololi, mara nyingi ni kile cha kawaida cha ujana. Ila anayesema si kansa awe na majibu mkononi, asiwe jirani.

Nalala sasa nimetoka zamu.

*(wiki tatu baadaye)*

Binti wa Rangi Tatu

Nimerudi wapendwa, mnisamehe ukimya.

Nilimpigia baba. Yuko Songea, ana miaka 71, masikio yamekuwa mazito ikabidi niwe napiga kelele kwenye daladala nikashuka Mtongani nisimame pembeni. Nikamuuliza, baba, shangazi Stawi alikufa na nini? Akasema si unajua, alirogwa na mawifi zake kule alikoolewa. Tumbo likajaa maji kama mja mzito wakati hana mimba. Nikamuuliza alikuwa na miaka mingapi, akahesabu kwa mwaka aliozaliwa kaka yangu, ikaja 39.

Nikauliza mwingine tena, kuna shangazi mdogo mimi simkumbuki vizuri. Baba akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Akasema yule alioza ziwa. Ndo neno alilolitumia. Alikuwa anakaa chumba cha nyuma peke yake, watoto hatukuruhusiwa kuingia. Nikakumbuka pale pale, nilikuwa na miaka kama sita, mlango wa mabati na harufu ya ubani inachomwa mchana kutwa. Kumbe ubani ulikuwa wa kuficha. Miaka 42.

Baba akaniuliza, mbona haya mnayauliza leo?

Nilikwenda hospitali na karatasi kama nesi alivyosema. Daktari alipokuwa anasoma ya mama mkubwa alikuwa anaitikia tu kichwa, alipofika kwa mashangazi akaweka kalamu chini akaniuliza wote wawili ni tumbo moja na baba? Nikasema ndiyo. Nimepigwa ultrasaundi, matiti masafi, namshukuru Mungu. Nimeandikiwa kwenda kwa bingwa na kasema huko wataongea habari ya kile kipimo, na kwa ukoo kama huu uchunguzi unaanza kama miaka kumi kabla ya umri wa yule aliyeugua mdogo kuliko wote, maana yake mimi tayari nimechelewa kidogo. Kijiti kasema nisikitoe kwa hasira, nikaongee na huyo bingwa kwanza. Mume wangu alikuwepo, kasikia mwenyewe, wimbo umekatika.

Lakini kinachonichekesha, msibani pale wote tulikuwa tunahesabu titi la mama mkubwa, kumbe aliyekuwa na la kuniambia ni baba, na hakuja msibani.

nesi wa zamu

Umefanya kazi kubwa sana mdogo wangu, wewe ungefaa uje wodini. Karatasi hiyo piga picha uihifadhi, usiiache kwenye pochi.

Titi Moja

Binti hongera kwa moyo. Mashangazi zako wapumzike, huyo mdogo hasa.

Nina swali moja na usinichukie. Baba yako ana mabinti wangapi?

Binti wa Rangi Tatu

Kwa mama yangu niko peke yangu na kaka. Kwa mke mdogo kule Songea kuna mabinti watatu.

Hatuongei. Ni mambo ya kiwanja, mwaka wa tano sasa. Namba ninayo ya mkubwa wao tu, ana miaka 31 na anasubiri mtoto wa pili, Jose kaka yangu ndo kanipa leo.

Binti wa Rangi Tatu

Nimempigia mara mbili hajapokea. Nimemtumia meseji nimeandika hivi, "Shikamoo nyumbani. Ni dada yako wa Dar. Sitaki kuongea habari ya kiwanja. Nataka kukueleza walivyokufa shangazi Stawi na mdogo wake, inatuhusu wewe na mimi na wadogo zako. Ukipata nafasi nipigie hata usiku."

Tiki mbili, bado hazijawa bluu.